Pointi za Ndege ni Fedha, Zihesabiwe Kama Fedha

Mkulima wa kabichi wa Lukozi, katika milima ya Usambara, hahitaji kufundishwa maana ya lumbesa. Yeye huuza kwa gunia, lakini ukubwa wa gunia huamuliwa na mnunuzi. Gunia likishajaa hadi mdomoni huongezewa kilemba cha nyavu, kikajazwa nacho, na malipo yakabaki yale yale ya gunia moja. Wakala wa Vipimo imeupiga vita mtindo huo kwa miaka mingi, maana ni dhahiri kwamba biashara ambayo upande mmoja tu ndio unaoshika kipimo haiwezi kuwa ya haki kwa upande wa pili.

Mtumishi wa umma au mwalimu anayeteremka kutoka Lushoto kwenda kupanda ndege hujiona yu mbali na mambo ya lumbesa. Hata hivyo, pale anapoarifiwa kwamba safari yake imemwingizia pointi 1,500 katika kadi yake ya msafiri wa mara kwa mara, amekwisha kuingia katika biashara ya namna ile ile. Pointi nazo ni kipimo. Shirika la ndege ndilo linaloamua safari ipi italeta pointi ngapi, ndilo linaloamua pointi ngapi zitanunua tikiti, na ndilo lenye uwezo wa kuyabadili maamuzi hayo yote mawili. Msafiri kwa upande wake hana mizani ila moja, nayo ni hesabu.

Mipango hii si mipya. Shirika la American Airlines lilianzisha mpango wake wa AAdvantage mwaka 1981, na mashirika mengine ya Marekani yakafuata mwaka huo huo. Shabaha ilikuwa kumfunga mteja asihamie kwa mshindani: asafiri mara nyingi na shirika moja, na baada ya muda apewe tikiti bila ya kulipa nauli. Tangu hapo mtindo huu umeenea ulimwenguni kote. Msafiri wa Afrika Mashariki hukutana na ShebaMiles ya Shirika la Ndege la Ethiopia, Asante ya Shirika la Ndege la Kenya, Flying Blue ya Air France na KLM, Skywards ya Emirates, na Twiga Miles ya Air Tanzania. Wengine huziita pointi, wengine maili, lakini jambo ni moja.

Wapo wanaodhani kwamba huo ni mchezo wa matajiri. Si kweli. Lushoto haina uwanja wenye ndege za ratiba, lakini watumishi wake husafiri. Mji huo una Chuo cha Uongozi wa Mahakama, ambacho hupokea watu wa mahakama kutoka pande zote za nchi. Una watafiti wa misitu, maafisa wa halmashauri, na walimu ambao huitwa kwenye semina na mikutano Dodoma, Mwanza au Mbeya. Kila anayepanda ndege katika safari hizo, awe amelipa mwenyewe ama amelipiwa na ofisi, huacha pointi nyuma yake. Wengi huziacha zipotee bila ya kujua, na wachache huzifukuza kwa gharama kubwa kuliko thamani yake. Makundi yote mawili yanapata hasara.

Njia ya kuepuka hasara hiyo ni kuitazama pointi kama fedha. Fedha ina thamani, ina mwisho wake, na ina mwenyewe. Hayo ndiyo mambo matatu ambayo kila mwenye kadi yampasa ayapime.

Kwanza ni thamani. Pointi haina bei iliyoandikwa juu yake, lakini bei hiyo yaweza kupatikana kwa hesabu ya darasa la tano. Tuseme tikiti ya kwenda na kurudi Mwanza inauzwa kwa shilingi 400,000 taslimu. Shirika linasema tikiti hiyo hiyo yaweza kupatikana kwa pointi 20,000, pamoja na kodi na ada za shilingi 80,000 ambazo lazima zilipwe kwa fedha. Basi pointi 20,000 zimeokoa shilingi 320,000, si 400,000. Gawanya, na kila pointi imekuwa na thamani ya shilingi 16. Sasa tuseme shirika hilo hilo linamshawishi msafiri achukue birika la umeme la shilingi 60,000 kwa pointi 12,000. Hapo kila pointi imeuzwa kwa shilingi 5. Aliyechukua birika ameuza mali yake kwa chini ya theluthi moja ya thamani yake, na pengine amefika nyumbani akijisifu kwamba amepata kitu cha bure. Namba hizi ni za mfano tu, lakini njia ya kuhesabu ni hiyo hiyo kwa kadi yoyote.

Hesabu hiyo ina mtego mmoja ambao mkazi wa Usambara hana budi kuujua. Shilingi 16 kwa pointi ni kweli kwa yule tu ambaye angelipa nauli ya ndege kwa fedha yake. Mwalimu ambaye, kama si pointi, angepanda basi kwenda na kurudi kwa shilingi 140,000, hakuokoa shilingi 320,000. Ameokoa nauli ya basi, na kutoka humo yatolewe yale malipo ya kodi na ada, shilingi 80,000. Kilichobaki ni shilingi 60,000, yaani shilingi 3 kwa kila pointi. Ni kweli kwamba amepumzisha mwili wake na kuokoa muda wa njiani, na hilo nalo lina thamani. Lakini pia huyo anayetoka Lushoto hajafika uwanjani. Atateremka milima kupitia Soni hadi Mombo, kisha ashike njia ya Dar es Salaam au njia ya Moshi, ambako kutoka Mombo hadi Uwanja wa Kilimanjaro ni zaidi ya kilomita 200. Ndege ikiondoka alfajiri, itambidi alale nyumba ya wageni. Nauli hizo na malazi hayo havilipwi kwa pointi. Yeye asiyeviingiza katika hesabu anajidanganya mwenyewe.

Kutokana na hayo kanuni inajitokeza: pointi ina thamani ya kile ambacho mtu angekinunua kwa fedha yake, wala si zaidi. Ndiyo maana mara nyingi hufaa zaidi kuziweka pointi kwa ajili ya safari ile ambayo haikwepeki na ambayo nauli yake ni ghali, kama ile ya msiba, ya matibabu, au ya kumpeleka mtoto masomoni nchi za mbali, kuliko kuzimaliza katika safari ndogo ambayo basi lingeitosha.

Kanuni hiyo hiyo inamhukumu mwenye kufukuza pointi. Wapo wanaolipa nauli ya juu kwa shirika fulani ili tu kadi yao iongezeke. Kama tofauti ya nauli ni shilingi 50,000, na pointi za ziada ni 1,000 zenye thamani ya shilingi 16 kila moja, basi mtu huyo amenunua kitu cha shilingi 16,000 kwa shilingi 50,000. Shilingi 34,000 amezitupa. Rahisi ni ghali, wahenga walisema. Na hiki cha bure chaweza kuwa ghali kupita vyote.

Jambo la pili ni mwisho wa pointi. Akiba haiozi, husema watu, lakini akiba ya pointi huoza, tena kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni muda. Mipango mingi ina tarehe ya mwisho. Katika Skywards ya Emirates, kwa mfano, maili kwa kawaida hudumu miaka 3. Aliyesafiri mara moja akaisahau kadi yake kabatini, siku atakayoikumbuka ataikuta tupu.

Njia ya pili ni kubadilishwa kwa kipimo, na hapa ndipo lumbesa inapoonekana waziwazi. Zamani mashirika mengi yalitoa maili kwa umbali: aliyeruka maili 3,000 angani aliandikiwa maili 3,000. Mwaka 2015 mashirika ya Delta na United ya Marekani yalianza kutoa maili kwa kadiri ya fedha aliyolipa msafiri. Flying Blue ikafuata mwaka 2018. Maana yake ni kwamba mwalimu aliyetafuta nauli nafuu kwa busara sasa hupata pointi chache kuliko mfanyabiashara aliyekaa kiti cha mbele katika ndege ile ile. Mwaka huo wa 2015 Delta iliondoa pia jedwali lililokuwa likionyesha ni maili ngapi zinahitajika kwa safari ipi, na idadi ikawa yaweza kupanda na kushuka kama bei ya nyanya sokoni Soni. Katika yote hayo msafiri hakuulizwa. Gunia liliongezewa kilemba, na malipo yakabaki yale yale.

Njia ya tatu ni kifo cha shirika lenyewe. Shirika la Air Berlin la Ujerumani lilipoanguka mwezi Agosti 2017, mpango wake wa topbonus nao ulifilisika mwezi huo huo, na wenye pointi wakabaki na namba zisizonunua kitu. Wananchi wa Afrika Mashariki si wageni wa vifo vya namna hiyo: Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lenyewe lilivunjika mwaka 1977. Fedha iliyo benki ina sheria zinazomlinda mwenye akiba. Pointi ni ahadi tu, na ahadi ina nguvu ya yule aliyeitoa.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba kwa kuwa pointi huoza, basi ni takataka. Mashirika yenyewe yanajua thamani yake. Mwaka 2020, wakati ugonjwa wa Korona ulipozifunga anga, United iliweka rehani mpango wake wa maili ikapata dola bilioni 6.8, na Delta ikapata dola bilioni 9 kwa njia hiyo hiyo. Ndege zilikuwa zimeegeshwa chini, lakini wenye mitaji walikubali kukopesha kwa dhamana ya pointi. Kitu ambacho wakopeshaji wa dunia wanakipokea kuwa dhamana, mwalimu wa Mlalo hana sababu ya kukitupa pamoja na kipande cha tikiti.

Jambo la tatu, nalo ndilo zito kuliko yote kwa watumishi wa umma, ni mwenye pointi. Msafiri akilipa nauli kwa mshahara wake, pointi ni zake, na hakuna wa kumwuliza. Lakini je, nauli ikilipwa na halmashauri, na wizara, au na chuo, pointi ni za nani? Kadi huandikwa jina la mtu, wala si la ofisi, na kwa hiyo pointi huingia mfukoni mwa mtu kabla swali hilo halijaulizwa.

Tuchukue mfano ulio karibu na shule. Mwalimu mkuu ananunua katoni kumi za madaftari kwa fedha ya shule, na mwenye duka, kwa kumshukuru mteja, anaongeza katoni moja bure. Hakuna mwalimu mwadilifu atakayeipeleka katoni ile nyumbani kwake. Sote wawili, mwalimu na mzazi, wangekubali kwamba ile ni punguzo la bei, na punguzo ni la yule aliyelipa. Pointi za safari ya kikazi zina asili hiyo hiyo: ni sehemu ya nauli inayorudishwa, na nauli ilitoka katika kodi ya wananchi, akiwamo yule mkulima wa kabichi wa Lukozi.

Swali hili limekwisha kuzitikisa nchi nyingine. Ujerumani, ambayo enzi za ukoloni iliuita mji wa Lushoto Wilhelmstal, ilipata fedheha ya maili mwaka 2002. Gazeti moja lilifichua kwamba wanasiasa kadhaa walizitumia kwa safari zao binafsi maili walizozipata katika safari za kikazi. Mwezi Julai mwaka huo Gregor Gysi alijiuzulu useneta wa uchumi wa Berlin, na Cem Özdemir akaacha usemaji wa chama chake bungeni. Viti vya ndege, ambavyo havikuwa fedha nyingi, viligharimu vyeo. Marekani kwa upande wake ilichukua njia nyingine: kwa sheria iliyopitishwa mwishoni mwa mwaka 2001, watumishi wa serikali kuu waliruhusiwa kubaki na maili za safari za kikazi kwa matumizi yao wenyewe.

Wanaoiunga mkono njia ya Marekani wana hoja ambazo hazifai kupuuzwa. Husema kwamba pointi za watu mbalimbali ni vigumu kuunganishwa, kwamba kuziandikia daftari kwaweza kugharimu kuliko zenyewe zilivyo, na kwamba mtumishi anayelala mbali na watoto wake anastahili kifuta jasho. Hayo yana ukweli ndani yake. Lakini yaangaliwe vema: Wamarekani waliruhusu kwa sheria, baada ya kulitafakari jambo. Kuruhusiwa kwa sheria na kujichukulia kwa ukimya ni vitu viwili tofauti. Tanzania nayo imekuwa na Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma tangu mwaka 1995, ambayo inagusa zawadi wanazopewa viongozi. Kwa hiyo fikra ya kwamba manufaa yanayotokana na kazi ya umma yatazamwe na kuhesabiwa si ngeni nchini.

Hatari kubwa zaidi haimo katika pointi zenyewe, bali katika uchaguzi wa tikiti. Mtumishi akijua kwamba pointi ni zake na nauli si yake, kishawishi cha kuchagua ndege ya ghali kinakuwa kikubwa. Shilingi 34,000 zile zilizotupwa katika mfano wa hapo juu, safari hii zinatupwa kutoka mfuko wa halmashauri, huku shilingi 16,000 zikiingia katika kadi ya mtu. Halmashauri hiyo hiyo inatakiwa kununua madawati na kupaua madarasa. Mkaguzi hataiona hasara hiyo, maana risiti itakuwa halali na masurufu yatakuwa yamerejeshwa kwa utaratibu. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Yapo basi mambo ya kufanya, na hayahitaji tume. Kila ofisi inayowasafirisha watu wake kwa ndege iandike kanuni fupi inayosema pointi za safari za kikazi ni za nani na zitumikeje. Kanuni hiyo iseme pia kwamba tikiti itachaguliwa kwa bei, kwa ratiba na kwa usalama, na kamwe si kwa kadi ya msafiri. Fomu ya kurejesha masurufu iwe na mstari mmoja wa kuonyesha pointi zilizopatikana. Pale inapoamuliwa kwamba pointi ni za ofisi, msafiri azitumie kupunguza gharama ya safari yake ijayo ya kikazi. Aidha ijulikane kwamba baadhi ya mashirika yana mipango ya makampuni, kama bluebiz ya Air France na KLM, ambamo kampuni iliyojiandikisha hupata salio lake huku msafiri akibaki na maili zake. Kilicho bora zaidi ni Serikali, ambayo ni mnunuzi mkubwa wa tikiti, kudai punguzo la nauli yenyewe. Punguzo la fedha halina tarehe ya kuoza.

Mtu binafsi naye ajiwekee utaratibu. Ajiandikishe kabla ya kusafiri. Asitawanye pointi chache chache katika kadi sita, bali achague mpango mmoja au miwili kwa kufuata umoja wa mashirika: anayeruka na Ethiopia, iliyo katika Star Alliance tangu mwaka 2011, aweza kuziandikisha safari zake katika mpango wa shirika jingine la umoja huo, na anayeruka na Kenya aweza kufanya hivyo ndani ya SkyTeam. Asome masharti ya nauli, kwa kuwa baadhi ya tikiti za bei ya chini hazitoi pointi kabisa. Atunze tikiti na kadi ya kupandia ndege mpaka aone pointi zimeingia, ili kama hazikuingia awe na ushahidi wa kudai. Kisha azitumie mapema, kabla kipimo hakijabadilishwa.

Haba na haba hujaza kibaba, lakini sharti kibaba kiwe hakina tundu, na mwenye nacho ajulikane. Mkulima wa Usambara anayedai mazao yake yapimwe kwa mizani haombi fadhila. Anadai haki ya kujua anatoa nini na anapokea nini. Mtumishi na mwalimu wanaodai kuijua thamani ya pointi zao wako katika haki hiyo hiyo. Nao mkulima, anayewalipia nauli, ana haki ya kuuliza mizani yao imesomaje.